Mvi si Diploma, Ujana si Kosa

Una miaka 23. Unakaa Kimanga, una diploma yako ya serikali, na umechaguliwa pamoja na wenzako kujifunza kazi ambayo huku Uvira tunaitaja kwa herufi tatu tu, APS: kuketi na watu walioumia moyo, kuwasikiliza, kuwasindikiza mpaka wasimame tena. Wiki ya kwanza uliandika daftari likajaa. Wiki ya pili ulikaa pembeni ukimtazama mzoefu akifanya kazi. Sasa zamu ni yako, na mtu wa kwanza kuingia ni mama wa miaka 58, mjane, ambaye mjukuu wake mkubwa anakaribia rika lako. Anakupima kwa macho kuanzia viatu hadi nywele. Halafu anauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mkubwa wako yuko wapi?"

Usiinuke. Usiende kumtafuta mkubwa.

Na wewe mama wa Kasenga, miaka 56, uliyeingia darasa hilohilo na kitenge chako na miwani yako, ukakuta nusu ya wanafunzi walizaliwa wewe ukiwa tayari na watoto watatu, usifunge daftari. Umepatanisha ndoa za watu, umefunda mabibi-harusi, umekesha kwenye vilio usivyoweza kuvihesabu, na moyoni unasema: hawa watoto watanionyesha nini nisichokijua? Watakuonyesha. Nawe utawaonyesha. Lakini kwanza kila mmoja wenu ana kazi ya kufanya juu ya nafsi yake mwenyewe, na hakuna mwalimu atakayemfanyia.

Neno langu ni moja. Umri haukuzuii kumsaidia mtu, wala haukupi haki ya kumsaidia. Kinachotakiwa ni ujue umri wako unakufanya nini pale unapoketi mbele ya mwenzako: unakutia hofu gani, unakuharakisha wapi, unakufanya umhukumu nani kabla hajamaliza kusema. Anayejua hayo atafaa akiwa na miaka 20, na atafaa akiwa na 70. Asiyejua atawajeruhi watu huku akiwatakia mema.

Hilo la kwamba watu wa kawaida wanaweza kazi hii halihitaji tena ubishi. Limeshapimwa, tena hapahapa kwetu. Watu wetu wamezoeshwa kuamini kwamba ujuzi wa moyo hushuka na ndege, umebebwa na mgeni mwenye mfuko mgongoni, kwa hiyo habari hii inafaa isomwe polepole. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya mashariki mwa Congo, Kivu ya Kusini ikiwemo. Wanawake 405 waliotendewa au walioshuhudia ukatili wa kingono, na waliokuwa wameelemewa na maumivu ya ndani, walipata msaada wa aina mbili kufuatana na kijiji: 157 walipewa tiba ya mazungumzo, na 248 walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Wale wa tiba walikuwa na kikao kimoja cha peke yao na vikao 11 vya kikundi, wanawake 6 hadi 8 kila kikundi. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafunzo yakarahisishwa ili yashikike kichwani bila karatasi. Miezi 6 baada ya tiba kwisha, waliobaki na dalili nzito za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika vikundi vya tiba. Upande wa pili walikuwa asilimia 42.

Nani aliwaongoza? Si madaktari. Si wanasaikolojia. Walikuwa wanawake wa Congo waliosoma miaka kadhaa baada ya shule ya msingi, wakapewa mafunzo, wakasimamiwa kwa karibu. Dada zako hao. Mama zako.

Ukitaka kusikia la umri wenyewe, nenda Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa na wagonjwa tele, hana vyumba, hana wahudumu. Alichopata ni mabibi 14 wa mtaa wa Mbare. Akawaketisha kwenye mabenchi nje ya kliniki, chini ya miti, wakaanza kusikiliza watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 wenye sonona walikuwa takriban asilimia 14 miongoni mwa walioketi benchini, na takriban asilimia 50 miongoni mwa wenzao waliopata huduma za kawaida. Basi, utasema, kazi hii ni ya wazee! Ngoja. Nchini Kenya, Tom Osborn na wenzake walianzisha Shamiri, ambako wanaowaongoza wanafunzi wa sekondari ni vijana waliotoka kwenye madawati hayohayo juzi tu. Vikao vinne, kimoja kwa wiki. Katika utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwao kuliko kwa wanafunzi waliofundishwa mbinu za kusoma peke yake.

Kati ya bibi wa Mbare na kijana wa Kenya kuna miaka 40 na zaidi, na wote wawili wameponya watu. Ninavyoona mimi, kinachowaunganisha ni kwamba hakuna aliyejifanya mwenzake. Bibi hakuvaa koti jeupe. Kijana hakukunja uso ili aonekane mzee. Mmarekani Carl Rogers, ambaye kila kitabu cha kazi hii kitakutajia jina lake, aliandika mwaka 1957 masharti 6 ambayo yakitimia mtu hubadilika kwa kusaidiwa. Yapitie yote: umri haumo. Diploma nayo haimo. Lililomo ni kwamba anayesaidia awe mkweli kwa nafsi yake saa ile, anachokihisi ndani kisipingane na anachokionyesha nje. Ni sharti gumu kuliko diploma, na ndilo ninalotaka ulishike.

Chukua karatasi. Andika tarehe za mji huu, na kando ya kila tarehe andika ulikuwa na miaka mingapi.

1964, waasi wa Simba wanaingia Uvira. Mwezi wa kumi 1996, vita vilivyokuja kumwondoa Mobutu vinawaka katika bonde letu. Tarehe 6 ya mwezi huo hospitali ya Lemera inashambuliwa, wagonjwa wanauawa vitandani mwao. Daktari mkuu wa hospitali ile alikuwa Denis Mukwege, yule ambaye baadaye, mwaka 1999, alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Nobel ya Amani. Mwisho wa 1998 kuamkia 1999, mauaji ya Makobola. Mwezi wa kumi 2002, wapiganaji wa Mai-Mai wanauteka mji kwa siku chache na kuuachia. Mwezi wa nane 2004, Gatumba, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Burundi, wakimbizi wa Congo zaidi ya 150 wanauawa usiku kambini. Aprili 2020, mvua ya usiku mmoja, mto Mulongwe unavunja kingo, nyumba kwa maelfu zinakwenda na watu wake wengine. Halafu ziwa lenyewe linapanda na kuingia mitaa ya ufukweni. Februari 2025, Bukavu inaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na watu kwa maelfu wanashuka bondeni, wanavuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea.

Aliyezaliwa 1954 alikuwa na miaka 10 Simba walipoingia. Aliyezaliwa 1980 alikuwa na miaka 16 Lemera ilipolia. Aliyezaliwa 2002 hana habari ya Gatumba isipokuwa ya kusimuliwa, lakini matope ya 2020 anayajua kwa magoti yake, maana alikuwa na miaka 18 na ndiye aliyebeba godoro. Huo ndio umri wa mtu wa Uvira. Miaka aliyoishi ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni tarehe alizozipita na kimo alichokuwa nacho alipozipita.

Sasa tazama kinachotokea. Mvulana wa miaka 17 anaketi mbele ya mshauri wa miaka 45 na kumwambia kwamba wenye silaha walipita nyumbani kwao, yeye akajificha, kaka yake akachukuliwa. Mshauri anatikisa kichwa kama alivyofundishwa. Lakini ndani hayupo tena pale. Yuko mwaka 1996, ana miaka 16, yuko njiani na ndoo kichwani. Na ushauri atakaoutoa, asipojiangalia, ni ule ambao yeye angependa kupewa siku ile: ondokeni, vukeni ziwa, msiangalie nyuma. Huenda mvulana hataki kuondoka. Huenda alikuja kuuliza jambo jingine kabisa, kwamba tangu siku hiyo hawezi kumtazama mama yake machoni. Hatalisema. Nafasi imeshajazwa na historia ya mkubwa.

Geuza. Mzee wa Kalundu mwenye miaka zaidi ya 70 anamsimulia kijana mambo ya 1964, jinsi baba yake alivyochukuliwa. Kijana anasikia kama somo la historia. Hamdharau mzee, la hasha, ila uso wake unasema "ya zamani hayo," macho yanateleza kidogo kuelekea mlangoni. Mzee ana miaka 70 ya kusoma nyuso. Anaona, anamaliza sentensi yake kwa adabu, anashukuru, anaenda zake. Kijana anaandika kwenye fomu: kikao kimekwenda vizuri.

Ndiyo maana karatasi ya tarehe si mchezo wa darasani. Wavuvi wetu wa ndagala hutundika taa nje ya mtumbwi, juu ya maji. Ingekaa mbele ya macho yao isingewaonyesha samaki hata mmoja, ingewapofusha tu. Historia yako nayo ina mahali pake pa kutundikwa. Usiizime. Bila yenyewe usingekuwa na huruma uliyo nayo. Lakini ujue iko wapi, ujue inawaka lini, na ujifunze dalili zake mwilini: koo kukauka, mkono kushika simu bila sababu, maneno kuanza kukimbia, au ile hamu ya ghafla ya kusema "hata mimi." Kila mtu ana yake. Tafuta yako mapema, kabla mtu mwenye machozi hajakusaidia kuitafuta.

Na tuseme lile ambalo kwenye semina hupitwa haraka. Tarehe hizi zina pande. Anayelia Makobola na anayelia Gatumba si lazima wawe wa jamii moja. Mvira, Mfuliru, Mbembe, Munyamulenge, Mrundi aliyekimbilia huku akakaa Lusenda: kila mmoja amelishwa masimulizi yake tangu utotoni, na mara nyingi aliyemlisha ni mtu mzima aliyempenda. Kijana anayesema "sisi wa kizazi kipya hatuna ukabila" namwogopa kuliko mzee anayekiri anakoegemea, maana mzee huyo walau anajua mlango wa kuufunga.

Nirudi kwako kijana. Mbele ya mkubwa utajaribiwa mara mbili. Jaribu la kwanza ni utii. Umelelewa kutomkatiza mkubwa, kutomwangalia sana usoni, kujibu "ndiyo mama," na malezi hayo ni mazuri, usiyatupe. Lakini ndani ya kazi hii utii unaweza kuua. Mama akisema "nimechoka, natamani kupumzika kabisa," wewe ukaitikia "ndiyo mama, pumzika," umepitwa na neno kubwa kuliko yote aliyoyasema siku hiyo. Inabidi umwulize waziwazi: mama, unafikiria kujiua? Usiogope kwamba ukiuliza utampandikiza wazo. Kumwuliza mtu hakumpi wazo hilo, na mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna aliyesikia.

Jaribu la pili ni kinyume chake. Kijana akiogopa hukimbilia Kifaransa. Maneno marefu yanatoka, daftari linafunguliwa, kalamu inashikwa kama ya hakimu, na mama wa watu anabaki ameinamisha kichwa kama yuko ofisini kwa mkubwa wa serikali. Hapo umejipa miaka usiyokuwa nayo. Rudisha.

Njia iliyobaki ni nyepesi kuitaja, nzito kuifanya: litaje pengo lenyewe. Msalimie kama mtoto anavyomsalimia mzazi. Mpe kiti kizuri. Kisha sema: "Mama, mimi ni mdogo kwako, najua. Kuna maswali ambayo mtoto hamwulizi mzazi wake, na kazi hii inanilazimu kuyauliza. Unaniruhusu?" Ukimwomba ruhusa, heshima haijavunjwa, imepewa kazi. Na ukiona bado amefungwa, mwulize kama angependa kukaa na mtu wa rika lake. Akisema ndiyo, mpeleke bila kununa. Akisema hapana, na wengi husema hapana, basi jua kuna mambo anataka kukuambia wewe kwa sababu hasa ni mdogo: huna baraza la kanisa la kumpeleka, humjui mume wake wa zamani, hutakaa naye kwenye sherehe ya ukoo ukimtazama kwa jicho la "mimi najua."

Tena kumbuka nchi unayoishi. Karibu nusu ya watu wa Congo hawajafika miaka 15. Tukingoja mvi zenu ziote ndipo muanze, nani atawasikiliza hao? Wanaotoka msituni na bunduki wakiwa na sauti ambazo hazijavunjika, wasichana wanaouza ndagala kutwa nzima na kurudi nyumbani kwa woga, watoto wa kambini ambao shule yao ni hema: mtu wa kwanza watakayemwamini huenda ni wewe, kaka au dada yao mkubwa. Umri wako ni ufunguo. Utumie.

Mama wa Kasenga, na wewe papa uliyestaafu ualimu, zamu yenu. Mimi nina imani kubwa nanyi, na ndiyo sababu nitasema bila kuzunguka. Adui yenu ni jibu. Limeshakaa mdomoni kabla ya swali kwisha. Miaka 30 mmeombwa ushauri na mmeutoa, watu wakashukuru wakaenda, na hamkurudi kuwauliza kama ulifaa. Darasani hapa mtaambiwa mnyamaze, na mtaona mnapotezewa muda.

Hebu tuchukue jambo moja tu. Msichana wa miaka 16 anakuja. Amebakwa jana jioni akitoka kuteka maji. Uso wako, bila wewe kuutuma, unakuwa uso wa mama yake, na mdomo unauliza: "Ulikuwa unaenda wapi saa hiyo?" Umeuliza kwa uchungu, kwa mapenzi, kama ambavyo ungemwuliza binti yako. Yeye amesikia hukumu. Anasema "hakuna kitu, mama," anafunga kanga, anarudi nyumbani. Sasa hesabu. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Swali lako moja limekula siku yake nzima, labda mbili, labda zote tatu. Kwa hiyo usiniambie kwamba kujijua ni anasa ya Wazungu wenye muda. Mshauri anayejua kwamba msichana wa rika la binti yake humgeuza kuwa mama mkali ataliona swali hilo likipanda kooni, atalimeza, na atasema badala yake: "Umefanya vizuri kuja. Twende hospitali, nitakaa nawe."

Mimi ningekushauri uchague kiti cha bibi. Katika nyumba zetu mtoto anaogopa kumwambia mama yake yale ambayo bibi anayajua tangu jana. Bibi na mjukuu wana utani wao, hawadaiani, hawaoneani haya. Bibi hacharazi, bibi husikiliza huku akichambua maharage. Kukaa kimya muda mrefu unaweza, kijana hawezi. Kilio hakikutishi. Mambo ya kitandani hayakutii aibu tena. Hizo ni mali alizokuachia umri, zitumie zote, na ule uzito wa mama mkali uuache mlangoni. Panzi kila mwanamke anayepokewa baada ya ukatili hukabidhiwa mwanamke wa kumsindikiza siku zote za matibabu, na wenyewe wanamwita maman chérie. Si daktari wake wala si jaji wake.

Mtu akikuambia kwamba zamani mvi pekee zilitosha, mpeleke ng'ambo ya Ruzizi akaulize habari za Bashingantahe wa Burundi, wale waliokuwa wakiamua na kupatanisha vilimani. Hawakupewa fimbo ya intahe kwa kuzeeka. Mtu alichunguzwa muda mrefu: anasemaje akikasirika, anakunywaje, anatunzaje siri, anafanyaje penye ugomvi unaomgusa yeye mwenyewe. Kisha akasimikwa mbele ya watu kwa kiapo. Wazee wangapi wa kilima kilekile walikufa na mvi zao bila kusimikwa! Wazee wa kale walijua kwamba kuishi sana na kujijua ni vitu viwili. Sisi ndio tumesahau, tukaanza kugawa heshima kwa tarehe ya kuzaliwa.

Siri pia ina sura mbili kwa mujibu wa umri, na Uvira ni mji mwembamba uliobanwa kati ya milima na ziwa, barabara kubwa moja, kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu. Kijana huvujisha kwa simu: hataji jina, anaandika tu kwenye kundi la WhatsApp "leo nimesikia kesi, jamani," na kufika jioni Kavimvira wanajua ni nani. Mkubwa huvujisha kwa magoti: "Ndugu, tumkumbuke katika maombi dada mmoja wa Rombe, ana jaribu kubwa nyumbani." Mungu anajua jina lake, sasa na kwaya inalijua. Jiulize wewe huvujia wapi. Usiniambie huvuji.

Na usibebe peke yako. Wale wanawake walioongoza vikundi vya ule utafiti wa 2013 hawakuachwa peke yao. Walikuwa na mtu wa kuwaangalia, wa kuwauliza wiki hii imekuwaje, kipi kimekushinda, nani amekukera. Ukianza kuota ndoto za wengine, ukianza kuwakwepa watu wa aina fulani, ukianza kuhisi kwamba wewe tu ndiye unayeweza kumwokoa mtu fulani, mwambie msimamizi siku hiyohiyo. Naam, hata kama msimamizi wako ana miaka 29 na wewe una 56. Itauma kidogo mara ya kwanza. Mwalimu wa zamani akimweleza kijana aliyemfundisha darasa la tatu kwamba ameshindwa kulala, hajashuka cheo. Amefanya kazi yake kama inavyotakiwa. Na wewe msimamizi wa miaka 29, usicheke kwa haya, usiseme "wewe papa unajua zaidi." Msikilize. Amekuja kwako kikazi.

Kwa hiyo kabla ya somo linalofuata, fanya hivi. Mtafute darasani mtu aliyekuzidi, au uliyemzidi, kwa miaka 20 au zaidi. Kaeni mahali msiposikika, simu zimezimwa. Dakika 20 yeye akusimulie tarehe moja ya kwenye karatasi yake, atakayoichagua mwenyewe, iliyo nyepesi kubebeka kwa siku ya kwanza. Usitoe ushauri. Usisimulie ya kwako. Usimwombee, walau si kwa sauti. Akimaliza mwulize jambo moja tu: ni wapi uliuona uso wangu ukibadilika? Ataona vigumu kusema, hasa akiwa mdogo kwako. Msubiri. Atakalosema liandike kama alivyolisema, bila kujitetea hata kwa neno moja. Halafu badilishaneni viti.